Siku Uliponioza Jukwaani

Baba,

Kesho mwanangu Zainabu anaolewa, na nyumba imejaa watu mpaka nimekosa pa kukaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mashangazi wako jikoni wanabishana juu ya pilau, watoto wamepanda juu ya magunia ya viazi, na kuna mtu, sijui ni nani na sitaki kumjua, amekalia miwani yangu. Nimekimbilia huku nyuma kwenye banda la kuku, nimegeuza karai nikalikalia, na ndipo nakuandikia. Miwani yenyewe imebaki na kioo kimoja, kwa hivyo mistari ikienda upande utanisamehe.

Najua hutaisoma. Lakini nataka wajukuu wako waisome, na wale majirani ambao mpaka leo wanakuita Bwana Fedha bila kujua jina lilitoka wapi, nao waisome. Kila mtu Kibera ana hadithi yake ya ile siku, na nyingi ni za uongo. Wengine wanasema nililia. Sikulia. Nililia baadaye, na sababu ilikuwa nyingine.

Na isitoshe, nimekukumbuka. Tangu asubuhi nimekukumbuka mpaka kifua kinauma.

Unamkumbuka Mwalimu Kamau? Alikuwa akija kwetu Makina, hapa Kibera, kwa miguu kutoka Kawangware, viatu vimejaa udongo mwekundu, na Mama akimfanya avivue mlangoni kama mtoto. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru, kila mtu alikuwa na kikundi: cha ngoma, cha mpira, cha kushona. Yeye akataka cha mchezo wa kuigiza. Alikuwa na mchezo wa zamani sana, ambao hata babake aliwahi kuuigiza akisoma misheni. Ulihusu mtu mmoja aitwaye Bwana Fedha, mwenye binti mmoja tu, Zuhura. Anakuja mfanyabiashara wa dhahabu, mzee, anamtaka Zuhura. Bwana Fedha anamtoa kwa sanduku la dhahabu. Mwisho wa mchezo Bwana Fedha amekaa juu ya sanduku lake, mgonjwa, ana kiu, anaita, "Zuhura, maji," na hakuna wa kumletea. Ni hivyo tu. Mwalimu alipotusimulia nyumbani, Mama aliacha kuchambua mchele.

Shida ikawa Zuhura. Makina nzima hakuna nyumba iliyokubali binti yao asimame mbele ya wanaume ukumbini. Mwalimu akakata tamaa. Wewe ndiye uliyesema, ukiwa umenyoosha ule mguu wako mbovu kwenye mkeka, "Huyu wangu anaweza. Lakini babake wa kwenye mchezo atakuwa babake wa nyumbani."

"Ati Mastura asimame pale watu wakimtazama?" Mama akauliza.

"Nitakuwa nimesimama naye."

Basi ikawa hivyo. Ulikuwa unaendesha lori la maziwa wakati huo, na tulifanyia mazoezi ndani ya lori, mimi nimebanwa katikati ya kreti, wewe umeshika usukani unanguruma, "Dhahabu, Zuhura! Wajua dhahabu ni nini?" Watu wa barabarani walikuwa wanageuka. Ulikuwa na sauti, Baba. Mungu alikunyima vitu vingi lakini sauti alikumiminia.

Sasa hapa ndipo kosa lilipoingia, na lilikuwa lako, na nalipenda kosa hilo mpaka kesho. Kitabu cha Mwalimu kilisema Bwana Fedha anampa mfanyabiashara mkono, basi, binti ameshaolewa. Ukakataa. Ukamwambia Mwalimu, "Watu wa huku watacheka. Kwani ni mbuzi anauzwa? Baba akioza, anaoza." Ukataka maneno kamili, yale yanayosemwa msikitini, mkono ndani ya mkono, mashahidi wamekaa. Mwalimu ni Mkristo, alijuaje? Akaona imependeza akakubali. Na sisi Waislamu tuliokuwepo, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Tulikuwa tumelewa na mchezo.

Mfanyabiashara wa dhahabu naye alikuwa Mzee Marjan. Sitaki kumsema vibaya, ameshatangulia, na alikuwa akitoa sadaka. Lakini ni yeye aliyekuwa na vyumba vya kupangisha Mashimoni, na vingine kule Kawangware, na bomba la maji ambalo nusu ya mtaa ilipiga foleni mbele yake. Alitoa mabenchi ya ukumbi, akatoa na kitambaa cha pazia. Halafu akasema angependa naye apate nafasi kidogo kwenye mchezo. Nani angemkatalia? Mchezo wa kukemea pesa, na pesa ikanunua kiti ndani yake, na sote tukashukuru kwa mabenchi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mama alinivisha gurbaba ya bibi yangu Haboba, ile nguo ya kujitanda ya wanawake wetu, yenye nakshi alizozidarizi mwenyewe Haboba akiwa msichana. Haboba alikuwa mstari wa mbele na kopo lake la maji, kwa sababu hakuamini maji ya mtu. Ulianza kunguruma, watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Ukawa mtu mwingine. Macho yako yalikuwa yanalitazama lile sanduku kwa namna ambayo mimi mwenyewe niliogopa.

Ikafika kuoza. Ukamshika Mzee Marjan mkono. Katika mazoezi yote ulikuwa unasema Zuhura. Siku ile ukanitazama, ukasema kwa ile sauti yako iliyofika mpaka barabarani, "Nimekuoza binti yangu Mastura, kwa mahari mliyoafikiana."

Mastura. Ukumbi mzima ulisikia.

Na Mzee Marjan, bila kupepesa jicho, akajibu, "Nimekubali kumuoa, kwa mahari hayo."

Tuliendelea. Ulifika mwisho, ukakaa juu ya sanduku, ukaita, "Zuhura, maji." Ndipo Haboba akainuka na kopo lake, akapanda jukwaani na magoti yake yale, akakupa. Akawageukia watu. "Mwanangu ana kiu na nyinyi mmekaa mnamtazama. Mmezaliwa na nani?" Watu walicheka mpaka mabenchi yakaanguka. Ulikunywa, ungefanyaje, ni mamako. Mwalimu Kamau alijificha uso kwa kitabu. Nilidhani hicho ndicho kitu ambacho watu watakizungumza mwaka mzima.

Kesho yake asubuhi ukaja mkokoteni.

Juu yake kulikuwa na mabati mapya, Baba. Mabati yanayong'aa mpaka ukiyatazama unafumba jicho moja. Nyuma yake akatembea Mzee Marjan na wazee wawili, amevaa kanzu ya Ijumaa na siku haikuwa Ijumaa. Alizungumza kwa upole, sitamsingizia. Alisema yeye hakutafuta, limetokea. Walii wa binti, babake, ametamka, kwa jina la binti, mume amekubali, na mashahidi ni ukumbi mzima. Ndoa haina mzaha, kila Mwislamu anajua. Yeye ana mke mmoja, ana uwezo, na mahari ni haya mabati ya kuanzia, na ploti ya Kianda yenye vyumba vyake, iandikwe kwa jina lako.

Haboba, aliyekuwa amecheka jana kuliko wote, alikaa chini akasema, "Neno limetoka." Basi.

Wewe ulisema tumpe nafasi sheikh, aamue baada ya sala ya Ijumaa. Mzee Marjan akasema haina neno, akashusha mabati, akayaegemeza kwenye ukuta wetu, akaenda zake.

Yalikaa pale wiki nzima, na wiki hiyo mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Unajua paa letu lilivyokuwa. Tuliweka sufuria hapa, karai pale, mdogo wangu Abdalla alilala na bakuli kifuani. Na nje, yameegemea ukuta, mabati mapya yananyeshewa. Mvua ikiyapiga yalilia kwa sauti nzuri, sauti ya nyumba ya watu wenye nyumba. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Aliendelea kukamua matambara. Mimi nilikuwa nimeacha kula. Usiponisemesha nilikuwa naogopa, na ukinisemesha nilikuwa naogopa zaidi.

Siku moja nilikuona. Mvua ilikuwa imekatika, ukadhani hakuna mtu. Ulipitisha kiganja juu ya lile bati la mbele, taratibu, kutoka juu mpaka chini, kama unavyompapasa farasi. Halafu ukaligonga kwa kucha ukasikiliza. Nilirudi ndani nikajifunika, na nikaamini kwamba nimeshakwenda.

Ijumaa tulikaa kwa sheikh, wanaume mbele, mimi na Mama nyuma ya pazia. Mwalimu Kamau alikuja mbio kutoka Kawangware, karibu kulia, anaonyesha kitabu: "Angalia, Sheikh, hapa imeandikwa Zuhura. Makosa ni yangu." Sheikh alimkaribisha vizuri akamwambia, "Mwalimu, kitabu chako kinanionyesha alichotaka mwandishi. Mimi nataka kujua alichotaka Rajabu."

Akakugeukia. "Rajabu. Ulipomtaja Mastura ulikuwa unaigiza tu, au ulikuwa unaoza? Kilichokuwa moyoni mwako hatukijui sisi. Utakalosema ndilo nitakaloandika."

Baba, niliwaza kila kitu. Niliwaza kwamba neno moja tu, ndiyo, na Abdalla analala bila bakuli. Kwamba hakuna mtu duniani angeweza kukuita mwongo. Kwamba hata mimi nisingeweza. Nilishika mkono wa Mama. Na wewe ulinyamaza. Ulinyamaza muda ambao mtu anaweza kuvaa viatu na kuondoka.

Kisha ukasema. Na hukusema kwa ile sauti ya jukwaani, ilikuwa ndogo mpaka wazee wakainama kusikia.

"Sheikh, nilikuwa namwigiza mtu aliyeuza mwanawe. Nikikwambia sasa kwamba nilikusudia, hapo nitakuwa siigizi tena. Nitakuwa ndiye yeye."

"Jibu basi kwa neno moja."

"Sikukusudia. Naapa. Mastura hajaolewa."

Hapo ndipo nililia. Mama naye alilia, na hakuwa amelia hata alipomzika mtoto wake wa kwanza.

Mzee Marjan akasema, "Nimesikia," akaomba mabati yake yarudishwe siku ileile. Uliomba mkokoteni wa jirani, ukayapakia peke yako, ukakataa kila mtu aliyekuja kukusaidia. Lakini mimi hukunikataa. Nilitembea kando yako nimeshika kipande cha nailoni juu ya kichwa chako, kutoka Makina mpaka Mashimoni, matope yakifika kwenye vifundo, na mguu wako ukiuburuta. Vijana wa kwenye kibanda cha maji walipotuona wakaanza, "Sasa, Bwana Fedha! Dhahabu unairudisha dukani?" Ukawapungia mkono. Ndipo jina lilipozaliwa, enyi msomao. Mlidhani alikuwa bahili.

Tulipofika kwenye kilima kile kidogo ulisimama kupumua. Nikakuuliza, "Baba, mbona ulitaja jina langu?"

"Sijui. Nilikutazama pale na nguo ya bibi yako, nikamsahau yule mwingine. Jina lake lilitoka kichwani kabisa. Nilimwona mwanangu."

"Na kwa sheikh, mbona ulikaa kimya vile?"

Uliliegemea gurudumu la mkokoteni. Ungeweza kunidanganya, Baba, nilikuwa mtoto, na ningekushukuru kwa uongo huo maisha yangu yote. Ukasema, "Kwa sababu niliyataka. Usije ukafikiri sikuyataka. Wiki nzima nimelala nayasikia yananiita kwa jina. Nilikuwa nimeshaanza kujiambia kwamba Marjan si mtu mbaya, kwamba utapata chumba chako, utapata mtumishi. Nilikuwa nimeshaanza kujiambia kwamba labda nilikusudia kweli. Inakuja hivyo, mama. Inakuja pole pole, tena kwa adabu."

Uliniita mama. Halafu ukashika mkokoteni ukasukuma.

Nimesikia mawaidha mengi tangu siku hiyo, msikitini na kwenye redio, kuhusu watu wabaya wenye tamaa. Hakuna aliyeniambia kama ulivyoniambia wewe, kwamba tamaa inakaa ndani ya mtu mzuri, inamsaidia kutafuta sababu.

Paa lilivuja miaka mingine mingi. Mwalimu Kamau hakuleta mchezo mwingine Kibera, aliogopa. Na mimi nilimpata Yusufu wangu wa kutengeneza redio, ambaye alikuwa amekaa dirishani siku ile ya mchezo na hakuwa na bati hata moja. Siku ya ndoa yetu mliketi, sheikh yuleyule, wazee walewale, na wewe ukamshika Yusufu mkono. Nilikuwa nyuma ya pazia na Mama. Nikasubiri ile sauti ya kufika barabarani.

Haikutoka. Sheikh akasema, "Rajabu, sema." Ukajikohoza. "Rajabu, bwana, sema, watu wana njaa." Tukasikia kitu kama mlango uliokosa mafuta. Wewe, uliyenioza mbele ya Kibera nzima bila kumeza mate, ulishindwa kunioza mbele ya watu kumi. Haboba alikuwa ameshalala kaburini wakati huo, hakukuwa na wa kukuletea kopo. Mara ya tatu ndipo ulipoweza, kwa kunong'ona, na Yusufu mpaka leo anasema hakusikia jina, alikubali kwa kubahatisha tu. Namwambia basi labda umeoa mtu mwingine. Anasema angekuwa ameshagundua.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata yeye. Kijana anayemuoa Zainabu wetu anafanya kazi Uarabuni. Kwao wana gari. Wajomba wamenikalisha chini mara mbili: "Itisheni mahari ya maana. Mnaona aibu ya nini? Hii nyumba yenu mnaiona?" Nikawaambia nitafikiri. Na Baba, nilifikiri. Nilikaa hapahapa kwenye banda la kuku nikatazama paa, nikaanza: si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya Yusufu, macho yake yamechoka na redio za watu, na kwani kijana atapungukiwa nini, na Zainabu mwenyewe atafurahi kuona nyumba ya kwao imependeza. Sababu zilikuja moja moja, zimevaa vizuri, zinabisha hodi. Ndipo nikakusikia kwenye kilima kile, umeegemea gurudumu.

Nikaingia ndani nikamuuliza Zainabu, "Mahari unataka nini wewe?"

Akashangaa. "Kwani ni mimi nasema?"

"Ni yako. Nani mwingine aseme?"

Akafikiri. "Mathe, si aninunulie cherehani. Ya miguu, si ya mkono." Ikawa hivyo. Wajomba wamenuna, lakini pilau watakula.

Yusufu ana siku kadhaa anazunguka humu uani anafanya mazoezi. Anawatupia kuku mahindi anasema, "Nimekuoza binti yangu," halafu anasimama, hamalizii. Jogoo anamtazama. Namwonea huruma na namcheka. Leo asubuhi nimemkuta ameegemea mti wa mpera anafuta macho kwa kanzu, akasema ni moshi wa jikoni. Jiko liko upande wa pili.

Nakumbuka siku yako ya mwisho, Baba, hospitalini, ile wodi ya juu yenye madirisha mengi. Ilikuwa mchana. Ulikuwa umeacha kuongea tangu juzi yake. Ukafumbua macho ukaniona, ukajilamba midomo, nami nikakuinua kichwa nikakunywesha kidogo kidogo kwa kikombe cha bati. Ulipomaliza ukacheka, kicheko kidogo tu cha puani. Ukasema, "Bwana Fedha hakupata haya." Nesi alidhani umechanganyikiwa.

Wananiita. Inaonekana pilau imeanza kuungua na kila mtu anasema si yeye. Naenda.

Kesho, watakapoketi, nitamwambia Abdalla amwekee Yusufu kikombe cha maji karibu na goti lake, kile chako cha bati. Watu watadhani ni ya kukata kiu tu.

Pumzika, Baba. Hatujambo.

Binti yako, uliyemtaja,
Mastura